*TAMKO LA KATIBU WA TAWI: ELFU KUMI YA NANI?*



Kikaoni ilisemwa kwamba "kwa wastani" kila mmoja wetu anamudu Sh 10,000 za ujenzi wa ofisi ya tawi. Sikubaliani na hoja hiyo.

Chukua karatasi ya A4 na rula. Tuseme tupo 10. Tisa ni kina mama wa ndizi Tengeru, vijana wa bodaboda na wapagazi wa Mlima Meru. Kila mmoja anapata Sh 200,000 kwa mwezi. Wa kumi ana magari ya watalii, anapata Sh 8,200,000. Jumlisha, gawa kwa 10: wastani ni milioni moja kamili, na hakuna hata mmoja anayeipata!

Sasa chora nguzo, sentimita 1 iwe Sh 200,000. Tisa zinafanana na kucha. Ya kumi ina sentimita 41, karatasi yako ina 29.7. Itabidi ubandike nyingine juu. Nimesomea uhasibu, lakini jedwali halijawahi kunionyesha hivyo.

Utafiti wa kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, asilimia 26.4 walikuwa chini yake. Kwa mtu huyo, elfu kumi ni zaidi ya moja ya tano ya matumizi yake.

Napendekeza asilimia 1 ya kipato. Tisa watoe 2,000, wa kumi 82,000 (wenye magari msinikasirikie). Jumla ni Sh 100,000 ileile.

Katibu wa Tawi