Tuandikieni siku kwenye bahasha

Sisi wagonjwa wa sukari wa Masumbwe tumechoka kutibiwa vidonda vya tumbo tusivyokuwa navyo. Ukifika ukasema unatapika na tonge mbili tu zimekushibisha, swali la pili huulizwi: unapewa omeprazo, unaambiwa nenda. Michembe na karanga ulivyokula jana mchana vinatoka leo alfajiri vilevile, vipande unavitambua. Vidonda gani hivyo?

Kumbe sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva zinazoliamuru tumbo kusukuma chakula, nacho kinalala humo. Anayechoma insulini ndiye yuko pabaya zaidi: sindano imeshaanza kazi, chakula bado hakijaingia kwenye damu, mtu anatetemeka, jasho linamtoka, pengine anazimia. Haya tunaelezana wenyewe kwenye benchi. Kwa nini tusiambiwe na waliosomea?

Halafu dawa. Metoklopramaidi, tuliyoizoea kwa jina la Plasil, inatusaidia kweli, hatuisingizii. Inatuliza kichefuchefu na inalisukuma tumbo. Lakini Marekani tangu mwaka 2009 wanaonya kwa maandishi mazito isimezwe zaidi ya wiki 12, na Ulaya mwaka 2013 wakaibana hadi siku 5. Huku kwetu unapewa kibahasha kimeandikwa 1x3, basi. Vidonge vikiisha unanunua vingine duka la dawa, mwezi baada ya mwezi, na hakuna anayekuuliza ulianza lini.

Anayeimeza muda mrefu anaweza kuanza kutafuna hewa, ulimi ukatokatoka, uso ukajikunja wenyewe, na hali hiyo huenda isiishe hata akiacha dawa. Sasa mtu wa namna hiyo huku kwetu nani atasema kadhuriwa na vidonge? Atasemwa karogwa. Ng'ombe wauzwe apelekwe kwa mganga, na Plasil aendelee kumeza. Hili linatuuma kuliko yote.

Ukiuliza dawa nyingine, unaelekezwa hospitali ya Bugando. Nauli ya Mwanza, malazi na mtu wa kukusindikiza, mchimbaji mdogo atavitoa wapi? Ni kweli ipo domperidoni, lakini inataka moyo upimwe kwanza, na erithromaisini nguvu yake hupungua baada ya wiki chache. Ushauri wa chakula lakini hauna bei: milo midogo midogo, uji laini, mafuta kidogo, michembe tuipunguze. Hata huo hatupewi.

Daktari, mpime sukari anayetapika kila mara kabla hujamwita mgonjwa wa vidonda. Muuza dawa, andika kwenye bahasha tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha. Na wewe unayeimeza tangu mwezi uliopita, rudi kituoni kesho ukaulize, na kama midomo imeanza kuchezacheza yenyewe, hilo litaje kabla ya yote.