Fundi Akipelekwa Sokoni

Katika mkoa wetu wa Shinyanga na mkoa jirani wa Geita, kazi nyingi zina mwisho unaojulikana. Kiwanda cha kuchambua pamba hunguruma wakati wa msimu, kisha hunyamaza. Mgodi wa Buzwagi, kule Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuusitisha mwaka 2021. Kazi ikipungua, mwajiri asiyependa kupunguza watu huweza kumwambia fundi wa mitambo au mtunza ghala: "Kuanzia sasa utauza." Naye akisita, hukumbushwa kwamba mchagua jembe si mkulima.

Uhamisho huo peke yake si dhuluma. Kuuza ni kazi ya halali na yenye heshima, tena ni afadhali kuliko kurudi nyumbani mikono mitupu. Zaidi ya hayo, fundi aliyetengeneza pampu kwa miaka kumi anaweza kumweleza mnunuzi ukweli ambao mchuuzi wa kawaida haujui. Lakini papo hapo pana mtego. Watu humwamini kwa sababu walimjua akiwa kazini. Akinyimwa mshahara na kuachiwa kamisheni tu, njaa ya watoto wake itamshawishi kuisifu hata pampu anayoijua kuwa mbovu.

Nguvu ya malipo ya namna hii wakulima wetu wa pamba waliwahi kuiona, ingawa kwa upande wa kununua. Zamani utaratibu uliwataka makarani wa vyama vya msingi, vilivyokuwa chini ya SHIRECU, kutenganisha pamba safi na pamba fifi. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika msimu wa 1994/95, wengi walishindania kilo, wakapokea yote pamoja, na ubora wa pamba ukashuka. Mtu apimwaye kwa wingi wa kilo ana sababu gani ya kukataa gunia chafu?

Basi yafaa wafanyakazi wajue haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aandike aina ya kazi, mahali pake, saa zake, na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Mambo hayo yakibadilika, hana budi kushauriana na mfanyakazi, kuyarekebisha na kumjulisha kwa maandishi. Amri ya mdomo asubuhi getini haitoshi. Na ikiwa nia ni kupunguza wafanyakazi, sheria hiyo inadai taarifa na mashauriano kabla ya uamuzi. Haifai kumpeleka mtu sokoni ili ashindwe, kisha aandike barua ya kuacha kazi kana kwamba ni kwa hiari yake. Palipo na mgogoro, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwenye shauri asichelewe kuifikia, maana muda wa kulalamika ni mfupi.

Kwa waajiri tunasema hivi. Mshahara wa msingi ubaki, kamisheni iwe nyongeza juu yake. Fundi afundishwe hesabu za mauzo na namna ya kuzungumza na wateja kabla ya kudaiwa kiwango cha mauzo. Anayeshika mizani asipewe kamisheni kwa mzigo uleule anaoupima. Na akikataa kusema uongo juu ya bidhaa, asihesabiwe kuwa mvivu.

Viongozi wa walei nao waanze nyumbani. Parokia nyingi zina maduka, mashine za kusaga na nyumba za wageni, na katika baadhi yake mlinzi au mpishi huhamishiwa dukani bila karatasi yoyote. Halmashauri ya parokia na iulize katika kikao chake kijacho: ni nani amebadilishiwa kazi mwaka huu, aliulizwa na nani, na mkataba wake mpya uko wapi? Tukiwa na majibu ya maswali hayo, tutaweza kuwauliza na waajiri wengine bila haya.