Maoni Si Ushahidi

Tangu filamu ya The Royal Tour izinduliwe mwezi Aprili 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe anamtembeza nchini mwandishi wa Marekani, Peter Greenberg, mabishano juu yake yamefika kila pembe, hata hapa Tunduma ambako madereva wanaongoja kuvuka kwenda Nakonde huyaendeleza simu zikiwa mkononi. Mmoja husema filamu hiyo ndiyo iliyojaza watalii. Wa pili husema ni fedha zilizopotea. Kila mmoja hutamka neno lake kana kwamba amelisoma katika daftari la serikali.

Basi tulifungue daftari lenyewe. Watalii wa kimataifa walioingia nchini mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020, dunia ilipofungwa na ugonjwa wa korona, walishuka hadi 620,867. Mwaka 2021 walipanda wakawa 922,692. Mwaka 2022 wakawa 1,454,920. Na mwaka 2023 wakafika 1,808,205. Huo ndio ukweli wa mambo, na hauna chama wala mshabiki. Wenye kuisifu filamu hupenda kuanzia 2021, kwa kuwa hapo ongezeko huonekana kubwa. Wenye kuibeza husimama kwenye 2022 na kutukumbusha kuwa idadi ilikuwa bado chini ya ile ya 2019 kwa watu 72,310. Wote wawili wanasema kweli, ila hakuna aliyethibitisha kitu juu ya filamu. Ongezeko la zaidi ya laki tatu kati ya 2020 na 2021 lilitokea kabla filamu haijazinduliwa; mlango uliofunguliwa baada ya maradhi ulikuwa na sehemu yake. Kwa maoni yetu filamu ilisaidia. Lakini hayo ni maoni, na tunayaita hivyo.

Wenye kumbukumbu watakumbuka zahama kubwa kuliko hii. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu wa Austria, alitoa Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, kuhusu sangara wa Ziwa Victoria na ndege zilizopeleka minofu yake Ulaya kutoka Mwanza. Ughaibuni ilisifiwa sana, ikafikia kuwania tuzo ya Oscar. Hapa nyumbani ilipokewa kama tusi. Mwaka 2006 Rais wa wakati huo, Ndugu Jakaya Kikwete, aliishutumu hadharani, Bunge likaizungumzia, na neno mapanki likatoka Kanda ya Ziwa likawa la taifa zima.

Katika ghasia ile mambo ya namna mbalimbali yalitiwa katika kapu moja. Kwamba sangara alipandikizwa ziwani na binadamu katika miaka ya 1950, na kwamba minofu ilisafirishwa nje, hayo hayakuwa na ubishi. Kwamba wapo watu waliokula mapanki, hilo ni jambo la kuchunguzwa: mtu huenda, huona, huuliza ni wangapi na kwa sababu gani. Shutuma nzito kuliko zote ilikuwa ya silaha. Mtazamaji makini atagundua kuwa filamu haionyeshi silaha hata moja ikishushwa Mwanza. Yupo rubani anayesimulia safari yake ya kupeleka vifaru Angola. Rubani anaizungumzia Angola. Ni mpangilio wa picha unaomsukuma mtazamaji aimalizie hadithi kwa Mwanza. Hapo ndipo ushahidi ulipoishia na maoni ya msanii yakaanza. Viongozi wengi waliojibu walikataa vyote kwa mkupuo mmoja, na wateteaji wa filamu wakavikubali vyote kwa mkupuo uleule. Mlaji wa mapanki, ambaye habari yake ilistahili kupimwa kwa makini, akasahauliwa.

Kwa wenzetu wa Unguja na Pemba jambo hili ni zito zaidi, kwani wanayo filamu inayogusa makaburi. Africa Addio, ya Waitaliano Jacopetti na Prosperi, ilitoka mwaka 1966 ikiwa na picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Unguja wakati wa Mapinduzi ya Januari 1964. Hadi leo vipande vyake hupita simu kwa simu, na kila kipitapo jeraha hufunguka. Picha ya angani inaweza kuonyesha watu na miili. Haiwezi kutaja majina yao, wala nani aliamuru, wala waliokufa ni wangapi. Maneno yaliyowekwa juu ya picha ni ya watengenezaji, nao walikuwa na msimamo wao kuhusu Afrika huru. Anayeikataa picha kwa sababu ya maneno yale anakosea sawa na anayeyakubali maneno kwa sababu ya picha.

Kwa watendaji wa Serikali tunalo neno mahsusi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu habari ambazo mtoaji anajua kuwa ni za uongo au za kupotosha. Anayesema filamu fulani ni mbaya, au imependelea upande mmoja wa nchi, ametoa maoni, na maoni yanalindwa na Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 pamoja na Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984. Anayetunga idadi ya watalii ni mtu mwingine kabisa. Afisa asiyeona tofauti hiyo atawatia hofu wakweli na kuwaacha waongo.

Aidha, wananchi hawawezi kubishana kwa takwimu wasizopewa. Hapa Mbozi tuna Kimondo kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Tunaomba idadi ya wageni waliokitembelea kila mwaka tangu 2019 itangazwe wazi pale Vwawa na hapa mpakani, ili anayesema filamu imewaleta na anayesema haikuwaleta wote wasome tarakimu moja.