Altezza iliyovaa mpira, na mpira wa Muheza tulioupa kisogo

Kila Desemba vijana wetu wa Kisambaa wanapopanda mlima kutoka Dar, Tanga na Arusha kuja kula sikukuu na wazee, magari ndio yanakuwa maonyesho. Altezza, Subaru, Mark X, wee acha tu! Na katika maonyesho hayo kuna fasheni ambayo wengi wanaishangaa: gari jeusi ti, lisilong'aa, ukiligusa ni kama unagusa soli ya kandambili. Wengine wanadhani limepigwa rangi mbovu. Hapana. Limevishwa mpira, na mwenye nalo akichoka anaumenya kama ganda la ndizi, rangi ya zamani inabaki vilevile.

Tuanze na ufundi wenyewe, maana mtaani kuna chumvi nyingi. Dawa hii ilianza Marekani, jimbo la Minnesota, miaka ya 1970, kwa jina la Plasti Dip. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuchovyea vishikio vya koleo na bisibisi ili visiteleze mkononi. Baadaye ikaingia kwenye makopo ya kupuliza, vijana wenye magari wakaidaka: rimu kwanza, kisha boneti, mwisho gari zima. Siri yake ni unene. Ukipuliza tabaka mbili ukadhani umemaliza, siku ya kuumenya utatoka vipande vipande kama ngozi ya aliyeungua jua, utalia. Tabaka tano au sita ndio unavuka kama shuka.

Inalinda? Kiasi. Vumbi, matope na vijiwe vidogo, sawa. Lakini jiwe la kweli la barabara ya Mlalo halijui mpira wala rangi. Na kuna adui mmoja ambaye wauzaji hawampendi: petroli. Mpira huu unayeyushwa na petroli. Sasa fikiria bodaboda wa kwetu, mafuta anauziwa kwenye chupa ya maji, anamimina huku injini bado ya moto na abiria anamhimiza, nusu inamwagikia tenki. Kesho yake tenki lina makunyanzi kama uso wa bibi. Halafu vimiminika vilivyomo ndani ya kopo vinashika moto haraka na havifai kuvutwa puani, kwa hiyo ule mtindo wa kufunga mlango wa gereji na kujifunga kitambaa usoni mafundi wauache, jamani.

Jambo jingine ni kadi ya gari. Kadi inataja rangi. Kama kadi inasema fedha na gari ni jeusi, askari ana haki ya kukuuliza hilo gari umelitoa wapi, na kumwambia "afande, hii inamenyeka" hakutakusaidia sana. Nenda TRA urekebishe taarifa kwanza. Inachosha kwa rangi ya muda, najua, lakini wezi wa magari nao wanapenda rangi za muda.

Haya, hayo ni ya juu juu. Mimi nataka tuinamie chini ya gari hilohilo.

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita kama 33, na unapanda karibu mita 1,000 kwa kona tupu. Lami ipo mpaka hapo. Ukitoka hapo kuelekea vijiji vya juu, sehemu nyingi ni mawe na makorongo. Kinachokufa kwenye gari huko mara nyingi sio rangi. Ni bushi. Ni maunti za injini, raba za shokapu, na matairi. Kijana ametumia hela nyingi kulivisha gari mpira wa nje, huku mpira wa chini umeshakwisha, gari linagonga ko-ko-ko kila shimo. Ukimuuliza, anaongeza sauti ya redio!

Na hapa ndipo pana jambo ambalo sijaona likijadiliwa. Ule mpira wa kopo ni wa viwandani, asili yake mafuta ya petroli. Mti hauhusiki. Kwa hiyo anayewaambia vijana kwamba Tanzania tunaweza kugema mti kesho na keshokutwa tuuze dawa ya kupulizia magari, anawadanganya. Utomvu wa mti haupendi jua wala mafuta. Lakini bushi na maunti ni habari tofauti. Huko mpira wa mti ndio unasifika, kwa sababu unavumilia kunyongwa na kutikiswa mara maelfu bila kukatika. Matairi ya malori na ya ndege nayo yanautegemea sana. Yaani mpira wa urembo tuwaachie wenyewe, mpira wa kazi ndio ule unaoota chini ya milima yetu.

Lushoto mjini mti huo haukubali, baridi mno. Lakini shuka upande wa Usambara Mashariki, Muheza, kuna shamba la mpira la Kihuhwi. Ndugu yake ni Kalunga kule Morogoro. Mashamba hayo yalikuwa ya kukilisha kiwanda cha matairi cha General Tyre, Arusha, ambacho kampuni yake ilianzishwa mwaka 1969. Kiwanda kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000, mashamba yakapoteza mteja wao mkubwa wa nyumbani, yakawa chini ya NDC. Tangu hapo habari ya kukifufua kiwanda imesikika bungeni mpaka tumeizoea.

Wazee wa Muheza wanaweza kukwambia hii sio mara ya kwanza. Wajerumani walipanda mpira eneo hilohilo, aina ya mti inayofanana na muhogo, iliyotoka Brazili. Walikuwa na taasisi ya utafiti Amani tangu 1902, na reli kutoka Tanga ilishafika Mombo mwaka 1905. Bei ikapanda kichaa: Aprili 1910 ratili moja iliuzwa London kwa zaidi ya shilingi 12. Watu wakapanda mpira kama vile kesho hakuna. Kumbe Waingereza nao walikuwa wamepanda Malaya na Ceylon, mti bora zaidi na wenye utomvu mwingi. Kufika 1913 bei ilikuwa imebaki kama robo. Mashamba yakatelekezwa au yakageuzwa mkonge. Waliobaki na miti ni wanakijiji, na mpaka leo majani yake tunayatwanga, ndicho kile kisamvu cha mpira. Kitamu, sikatai. Lakini ndicho tulichoambulia.

Angalia makosa yanavyofanana. Mara ya kwanza mteja alikuwa London, bei ikaanguka, kwisha. Mara ya pili mteja alikuwa kiwanda kimoja Arusha, kikafunga, kwisha. Na mti wa mpira hausubiri siasa: unaupanda leo, unaanza kugema baada ya miaka sita au saba, kisha unagema miaka 25 au zaidi. Mkulima gani atajifunga hivyo kwa kusubiri kiwanda cha matairi kinachofufuliwa kwa maneno?

Ndio maana nasema tuanzie kwenye bushi. Tairi linataka kiwanda cha mabilioni. Bushi inataka utomvu uliokaushwa vizuri, salfa, masizi, mashine ya kukandia, kalibu ya chuma na joto la nyuzi kama 150. Hiyo ni kazi ambayo SIDO na VETA wanaweza kuisimamia Tanga bila kungoja mwekezaji kutoka mbinguni. Soko? Hesabu Noah, Hiace na Fuso zinazoshusha kabichi, karoti na nyanya za Lushoto kwenda Dar. Kila bushi inayokufa Soni, bei yake inaishia kwenye kabichi unayonunua Kariakoo.

Najua atakayekuja hapo chini kusema bushi ya Kichina ni bei chee, utaishindaje. Swali zuri. Bei ya siku ya kwanza pengine hutaishinda. Lakini dereva wa Mlalo habadilishi bushi kwa kupenda, anabadilisha kwa sababu ya rahisi imekufa tena, na kila mara analipa fundi na kulaza gari siku nzima. TBS wakiweka kipimo na kukisimamia kwelikweli, bushi inayodumu itapata wanunuzi. Bila kipimo, yetu mbaya na yao mbaya zitapigana kwa bei tu, na hapo tumeshindwa kabla ya kuanza.

Ivory Coast, Waafrika wenzetu, leo wako kwenye nafasi za juu duniani kwa mpira wa mti, na wakulima wadogo wana sehemu kubwa katika hilo. Sisi tuna shamba, tuna mvua ya Usambara, na tuna barabara zinazokula mpira kuliko zao.

Mafundi mliomo humu, wa Mombo, Korogwe na Gerezani, tuambieni: bushi za mbele za Noah ya njia ya Lushoto zinadumu miezi mingapi, na mnazitoa wapi?