Ringi Kwanza, Grainda Baadaye

Hebu nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana boom lilipoingia, nilitoa shilingi laki tatu nikampa kaka yangu ili aikate gari ya marehemu baba yetu. Hakunishikia fimbo. Alinionesha picha kwenye simu, nikaona, nikapenda, nikatuma pesa. Kwa hiyo msidhani anayeandika hapa ni yule mtu wa kukaa kibarazani na kulaumu vijana. Na mimi nimo.

Gari yenyewe ni Toyota Celica ya 1984, ya milango miwili, taa za mbele zinainuka ukiziwasha, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Baba aliinunua Mombasa kabla sijazaliwa, ikashushwa bandarini Malindi, na tangu hapo ikawa kama mtu wa nyumbani. Pale mtaani kwetu Fuoni watu walijua baba karudi kwa kusikia mlio tu.

Kaka alitaka bodi pana, au waidibodi kama wanavyoiita vijana wa gereji: fenda zilizovimba nje, tairi nene, gari ikae chini na mapana kama kaa. Fenda za faiba ziliagizwa kupitia jamaa wa Dar es Salaam. Zilipofika, gereji ikaanza kazi siku hiyohiyo. Grainda, cheche, na bati la fenda za asili likaanguka chini vipande vinne. Ringi zilikuwa bado hazijanunuliwa.

Zilikuja wiki tatu baadaye, na hapo ndipo hesabu ilipokataa. Nyuma, fenda zilikuwa pana kuliko tairi, gurudumu likaonekana kama mtoto aliyevaa koti la babu yake. Mbele, ringi iligusa shokapu kwa ndani. Dawa ya fundi ikawa spesa, kubwa nyuma na ndogo mbele. Mbele ikaacha kugusa ndani, ikaanza kugusa nje.

Haukupita mwezi, kaka alikuwa anampeleka mama kliniki ya presha. Kwenye tuta moja Mwanakwerekwe gari ilizama, ukingo wa bati lililokatwa ukala ubavu wa tairi ya mbele kushoto, tairi ikapasuka. Namshukuru Mungu mwendo ulikuwa mdogo. Mama aliteremka, akaitazama gari, akasema maneno machache tu: "Baba yenu haikumtupa njiani miaka yote ile." Kisha akapanda daladala.

Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza, nimepima. Na hoja yangu kwenu wenzangu ni hii: kuipanua bodi ya gari ya zamani si dhambi. Dhambi ni kukata kabla ya kupima. Ringi kwanza, grainda baadaye.

Tuanze na historia, maana wengi tunadhani haya mambo yametoka kwenye video za simu. Fenda pana zilizaliwa na mashindano. Injini ikiongezwa nguvu, inahitaji tairi pana ili nguvu ishike ardhi. Tairi ikiwa pana inatokeza nje ya bodi. Bodi inabidi iifuate na kuifunika. Mwaka 1971 Wajapani waliuza Datsun 240ZG, yenye pua ndefu na fenda za nyongeza zilizofungwa juu ya zile za asili, ili gari hiyo iruhusiwe kushindana. Na msione mbali. Safari Rally, mashindano yaliyoanzia hapahapa Afrika Mashariki mwaka 1953, yalichukuliwa na Datsun 240Z mwaka 1971 na tena 1973, safari hiyo ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Halafu mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo mshindi alikuwa nani? Toyota Celica Twin-Cam Turbo, ndugu wa damu wa gari ya baba, akiwa na fenda zilizopanuliwa kufunika magurudumu yake.

Angalieni mpangilio. Nguvu ilitangulia, ikafuata tairi, ikafuata ringi, bodi ikaja mwisho. Sisi tumeushika mkia tukauita kichwa. Tunanunua fenda kwa kuangalia picha, kisha tunatafuta ringi ya kujaza tundu.

Sasa hesabu. Msikimbie, ni ya kidato cha kwanza. Kila ringi ina namba inaitwa ofseti. Ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa ringi na ule uso unaobanwa kwenye habu kwa nati. Uso huo ukiwa upande wa nje wa katikati, ofseti ni chanya na ringi inaingia zaidi ndani ya gari. Ukiwa upande wa ndani, ofseti ni hasi na ringi inatoka nje.

Tuchukue mfano wa ringi ya inchi 6 yenye ofseti chanya 20. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo nusu ya upana wake ni 76.2. Kutoka kwenye habu kwenda nje ni 76.2 kutoa 20, yaani 56.2. Kwenda ndani ni 76.2 kujumlisha 20, yaani 96.2. Sasa weka ringi ya inchi 9 yenye ofseti sifuri: nje 114.3, ndani 114.3. Umetoka nje milimita 58, na umeingia ndani milimita 18. Badilisha ofseti iwe chanya 15: nje unatoka 43 tu, lakini ndani unaingia 33, na huko ndani kuna shokapu, springi na paipu ya breki. Ringi zote mbili ni za inchi 9. Dukani zinafanana kama pacha. Moja inaweza kukaa, nyingine ikakata paipu ya breki.

Ukishazijua namba hizo ndiyo unajua fenda iwe na upana gani. Na namba peke yake haitoshi. Inyanyue gari, toa springi, funga ringi yenye tairi yake, ipandishe na kuishusha kwa jeki, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Angalia inapogusa, tia alama kwa chaki. Kazi ya asubuhi moja. Sisi hatukuifanya, tukalipa tairi, na kidogo tulipe zaidi.

Jambo jingine ni urefu. Vijana wengi wanataka ringi ya 17 au 18 kwenye gari iliyotoka na 14. Tufanye hesabu tena. Tairi ya 185/70 R14 ina ubavu wa milimita 129.5, na gurudumu zima ni karibu milimita 615. Ya 225/50 R15 inakupa 606. Ya 225/40 R17 inakupa 612. Kwa hiyo zote zitazunguka karibu sawa na spidomita haitadanganya sana. Tofauti iko kwenye ubavu: ile ya 15 ina milimita 112.5 za mpira, ile ya 17 ina 90. Kwa matuta yetu, na mashimo yanayozaliwa kila baada ya masika, nyama hiyo ya pembeni ndiyo godoro la ringi. Mimi naona hata kwa macho, gari ya 1984 inapendeza na 15 pana yenye tairi nono kuliko 17 yenye tairi kama ukanda. Hilo la mwisho ni maoni, mnaweza kunipinga. La godoro hamwezi.

Na kila milimita unayosogeza gurudumu nje ina bei. Mzigo kwenye beringi unaongezeka, usukani unakuwa mzito au unavutwa na mashimo, alaimenti inabidi ifanywe upya. Spesa ikiwa hafifu au nati zikishika nyuzi chache, gurudumu linaweza kukuaga barabarani. Kwa hiyo ringi yenye ofseti sahihi ni bora kuliko ringi mbovu yenye spesa nzuri.

Nakuja kwenye bodi yenyewe, na hapa naomba tutazame Mji Mkongwe. Mji huu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na mafundi wa zamani wanajua kwamba ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuziba ufa kwa saruji, kwa nje unang'aa, kwa ndani maji yamefungiwa, ukuta unaoza polepole. Gari ni vilevile. Bati ulilolikata kwa grainda, usilipake dawa ya kutu, ukalifunika kwa pati na faiba, katika hewa yetu ya chumvi, unalifungia maradhi ndani. Baada ya misimu miwili fenda inaanza kutoa mapovu ya kutu kwenye ukingo, na chini yake hakuna tena bati la kuchomelea.

Kuna watakaosema: basi tusiguse kabisa, gari ya zamani iachwe kama ilivyotoka kiwandani. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Hata Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliongezewa mnara wa saa mbele yake baada ya shambulio la Waingereza la 1896. Gari za mbao zilizotubeba kwenda shamba zilikuwa malori ya kigeni yaliyovikwa bodi na mafundi wetu wenyewe. Kuongeza ni desturi yetu. Swali ni kama unachoongeza kinaweza kutolewa kesho bila kukiua kile cha jana.

Kuna na wengine, kaka yangu akiwa mmoja wao, wanaosema: gari ni yangu, nifanye nitakavyo. Sawa, bwana. Lakini gari haiishi uani peke yake. Inapita mbele ya skuli, inapakia mama, inapishana na bodaboda usiku. Ikikutupa, haikutupi peke yako.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo, nitamwambia hivi. Chagua fenda za kufunga kwa boliti, si za kugandisha moja kwa moja. Kama lazima ukate, kata kidogo kuliko unavyodhani, funga ukingo kwa kuchomelea, paka dawa ya kutu, ndipo ufunike. Fenda nzima ya akiba ukiipata, inunue uiweke, maana bati la gari ya miaka 40 haliuzwi dukani Darajani.

Na kabla hujaagiza faiba ng'ambo, nenda ufukweni. Wapo mafundi wa boti za faiba hapa Unguja wanaojua kazi hii kuliko gereji nyingi. Wanatengeneza kalibu, wanaipaka nta isigande, wanalaza mkeka wa faiba tabaka kwa tabaka, wanachanganya rezini na kikaushio kwa kipimo, wanatoa hewa kwa rola. Boti yao inapigwa na mawimbi mwaka mzima na haipasuki. Fundi mmoja niliyemtembelea aliigonga ile fenda yetu kwa kucha, akacheka: "Hii ni pati iliyovaa shati la faiba." Vumbi lake lakini ni baya kwa mapafu, ukikata, vaa barakoa.

Mimi nasomea ualimu wa hesabu. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja wa nyuma aliniuliza swali ambalo kila mwalimu analijua: namba hasi zitanisaidia nini mimi? Siku ile sikuwa na jibu la maana. Wiki iliyofuata niliingia darasani na ringi ya gari, rula na chaki. Tukapima ofseti chanya, tukapima ofseti hasi, tukachora fenda ubaoni na kuuliza ringi ipi itagusa. Yule kijana wa nyuma ndiye aliyekuja mbele kusahihisha hesabu yangu. Anafanya kazi gereji kila Jumamosi, kumbe. Mikono yake ilikuwa inajua kitu ambacho daftari lake halijawahi kumwambia.

Hapo ndipo ninapowasihi, hasa sisi tunaosomea ualimu. Tumewaachia mafundi grainda bila hesabu, na wanafunzi hesabu bila grainda, halafu tunashangaa kwa nini gari zinapasua tairi kwenye matuta. Kalenda zetu zimejaa makongamano ya ujasiriamali. Tungeweza angalau mara moja kwa muhula kumleta fundi bodi na fundi wa boti chuoni, wakae na wanafunzi wa fizikia, kila mmoja amfundishe mwenzake.

Celica bado ipo uani, imefunikwa turubai. Zile fenda tumezitoa. Kaka amekubali, kwa shingo upande, tununue ringi za inchi 15 kwanza, na yule fundi wa boti atatengeneza kalibu juu ya magurudumu yenyewe. Boom likiingia sitatuma pesa. Nitakwenda na rula yangu mwenyewe. Mama amesema hatapanda mpaka aone gari imepita tuta la Mwanakwerekwe mara tatu mbele ya macho yake. Nadhani ni haki yake.