TAREHE YA UCHAGUZI NAYO NI AMANA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu ni siasa tupu: kiongozi kuitisha uchaguzi kabla ya wakati wake. Mfano wetu ni Malaysia, nchi yenye Waislamu wengi.

Mwaka 2022 Waziri Mkuu alikuwa Ismail Sabri Yaakob. Alikuwa wa tatu katika Bunge lile lile moja, baada ya Mahathir na Muhyiddin. Bunge lilikuwa na uhai mpaka katikati ya 2023. Lakini chama chake, UMNO, kilikuwa kimeshinda chaguzi za majimbo ya Melaka na Johor, na wakubwa wa chama wakaona upepo ni wao. Wakamsukuma: vunja Bunge sasa!

Tatizo ni kwamba mwisho wa mwaka kule ni msimu wa mvua kubwa. Disemba 2021 mafuriko yaliua watu zaidi ya 50. Wapinzani, na hata baadhi ya mawaziri wake, walipinga uchaguzi kufanyika msimu huo. Hata hivyo tarehe 10 Oktoba alitangaza kuvunjwa kwa Bunge, akisema anarudisha uamuzi kwa wananchi.

Watu wakapiga kura tarehe 19 Novemba. Muungano wao, uliotawala tangu uhuru wa 1957 hadi 2018, ukapata viti 30 tu katika Bunge la viti 222. Ismail Sabri alibaki na kiti chake cha ubunge, uwaziri mkuu ukaondoka. Aliyeapishwa ni Anwar Ibrahim, mtu ambaye UMNO ilimfukuza mwaka 1998, akafungwa jela. Na UMNO hiyo hiyo ikaingia katika serikali yake! Subhanallah. Ufalme ni wa Allah, humpa amtakaye na humwondolea amtakaye.

Sasa tuwe waadilifu. Uchaguzi wa mapema si haramu. Sheria ya nchi ile inauruhusu, na kuwarudia wananchi pale serikali inapoyumba ni hoja nzito. Nia za moyoni anazijua Allah peke yake. Sisi tunatazama ya dhahiri, na swali letu ni moja: tarehe ile iliwafaa nani? Ikiwa mwenye nyumba inayoingia maji anaambiwa apange foleni ya kura kwa sababu chama fulani kimeona kitashinda, basi wakati wa watu umetumika kwa faida ya wachache. Madaraka ni amana, na saa ya kuyatumia ni sehemu ya amana hiyo.

Utaniuliza, mbona walishauriana? Ndugu yangu, shura si kukaa na wanaotaka unachotaka. Kabla ya Uhud Mtume wetu (S.A.W.) alipendelea kubaki Madina, wengi wakataka kutoka, naye akawasikiliza. Baada ya machungu ya siku ile, Allah bado akamwamrisha awasamehe na aendelee kushauriana nao, kisha akiazimia amtegemee Yeye. Rejea Aal-Imran, aya ya 159. Shura kwanza, azma baadaye, kisha tawakkul. Anayeanza na azma halafu akatafuta wa kumuunga mkono, huyo hajashauriana.

Wala usiseme, mimi si Waziri Mkuu, hayanihusu. Je, ile kamati ya msikiti inayoitisha mkutano siku wenye maswali wamesafiri? Mwenyekiti wa kikundi cha akiba anayewahisha uchaguzi kabla hesabu hazijasomwa? Kaka mkubwa anayeita kikao cha mirathi asubuhi, na dada zake wanafika jioni? Hao wote wamechagua tarehe kwa ajili ya nafsi zao. Karatasi zitaonyesha kila kitu kilikwenda kwa utaratibu, lakini haki za watu zitabaki shingoni mpaka siku ya hesabu.

Ukiwa na mamlaka ya kupanga siku, jiulize: kama ningekuwa upande wa pili, ningeiona siku hii ni ya haki? Jibu likiwa hapana, ibadilishe. Ukishindwa kwa haki, hujapoteza kitu mbele ya Mola wako.

Allah atupe viongozi wanaowaonea huruma wanaowaongoza, na atuepushe na hila katika amana zetu, ndogo na kubwa. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.