Besi si mapambo: tuchague ile inayolia bila mabuye

Tumechoka kunyamaza. Hapa Lweba, na ukifuata ziwa hadi Baraka, kila kwaya inataka gitare ya besi, na hilo ni jema. Ubaya ni namna tunavyoinunua. Watu wanachanga miezi na miezi, wengine wanauza samaki na mihogo, kiisha mjumbe anatumwa mjini, anarudi na gitare inayong'aa yenye vifungo vitano, eti ndiyo ya kisasa. Hakuna aliyemuuliza mpigaji anapigaje.

Tuseme wazi. Besi ziko za namna mbili. Pasifu ina sumaku na waya uliozungushwa, kifungo cha sauti na kifungo cha kupunguza ukali, basi. Aktifu ina kikuza sauti ndani, nacho kinakula jiwe la volti 9. Jiwe likiisha, aktifu nyingi zinanyamaza kabisa. Tena ukiacha waya wa ampli umechomekwa usiku kucha, jiwe linaliwa hata kama hakuna anayepiga. Tuliyaona kwa macho yetu: siku ya sikukuu, jenereta inanguruma, bafle ziko tayari, besi bubu. Madukani jiwe lile halikupatikana. Tulirudi kwenye ngoma, na ngoma haikutuaibisha.

Wengine watajibu: «Pasifu iko ya wazee, iko ya maskini.» Si kweli! Precision Bass ya Fender, iliyotoka mwaka 1951, ni pasifu, na hadi leo inatengenezwa. James Jamerson aliipiga katika nyimbo nyingi za Motown kule Detroit miaka ya 1960, kwa kidole kimoja cha shahada, na kamba nene za waya bapa alizozibadili kwa nadra sana. Nani atamwita maskini wa sauti? Hatukatai, aktifu ina faida yake: mpigaji anaongeza uzito au ukali palepale. Kwa studio ya mji wenye umeme na maduka, sawa. Kwetu, hapana.

Na kamba je? Anayesindikiza nyimbo za polepole atafute zilizovikwa waya bapa: sauti yake ni nzito na laini, karibu na ngoma kubwa, wala hazichubui vidole. Anayependa seben, sauti ya kuruka, achukue za waya mviringo, ila azipanguse jasho kila akimaliza, sababu zinafifia upesi. Unene nao, kwa sehemu za elfu za inchi: 45 hadi 105 unafaa wengi; mkono mwepesi, 40 hadi 100; mkono unaogonga kama mtwangio, 50 hadi 110. Ukibadili unene, angalia shingo isipinde.

Je, hii ni elimu ngeni? Hata kidogo. Fundi wa ngoma alijua kama itapigwa kwa mkono ao kwa fimbo, na kabla ya mchezo ngozi ilipashwa moto ili ikaze. Chombo kilifuata mkono na mahali. Sisi tuliosoma ndio tumesahau?

Basi tunaomba: kabla franga moja haijatoka, mpigaji apige mbele ya wote, tumsikilize. Kiisha tununue pasifu, na pesa itakayobaki inunue seti ya pili ya kamba. Jasho la mama muuza samaki lisinyamazishwe na jiwe.